Sarafu ya Samaki wa Bluu

Usiniamini ukitaka, lakini kidole gumba changu kipo, njoo hapa Rumonge, Burundi, ukitazame. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, nami nimeketi kazini sina homa wala sijalewa. Mimi ni sonara, na pombe sijawahi kuionja.

Ilikuwa miaka ya vita. Mama Espe alikuwa amekimbia kutoka Bugarama baada ya mumewe kuuawa njiani, pale Gitaza. Alibaki na mtoto mmoja, Espe, wa miaka mitatu, na sarafu moja waliyoachiwa na Mzungu aliyefanya kazi na mumewe. Ilikuwa sarafu ya ukumbusho, ya fedha, na katikati yake samaki wa bluu mwenye mkia wa njano, amepakwa rangi kabisa. Umewahi kuona pesa yenye rangi? Mimi sikuwahi.

Mnunuzi wa sarafu kutoka Bujumbura angepita Ijumaa. Alikuwa ameahidi bei ya kutosha nafasi mbili kwenye boti la kwenda Kigoma. Mama Espe aliogopa wezi kwenye kambi ya wakimbizi alikolala, akaniletea mimi ile sarafu, kaifunga kwenye kitambaa.

"Munitunzie tu, baba," aliniambia. "Musiifungue."

"Iko salama hapa, mama."

Nikaifungua. Alikuwa ameificha juu ya meko, imejaa masizi. Baba yangu alinifundisha kwamba fedha haitoki kwa sonara ikiwa chafu. Hata bangili iliyokuja kuungwa tu, tunaisugua kwa ndimu na majivu kabla ya kumrudishia mwenyewe. Nikasema nimfanyie wema, mnunuzi aione inang'aa. Nikasugua. Masizi yakatoka, na samaki akatoka pamoja nayo. Gumba langu likabaki la bluu.

Ijumaa yule mnunuzi akaitazama kwa kioo chake, akatikisa kichwa. "Mzee, wenye kukusanya hizi wanalipia rangi. Sasa iko fedha tu, ya kupima kwenye mizani."

Mama Espe alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni. Alichukua sarafu yake, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze, baba," akaenda. Natamani angenitukana. Nilikuwa na mizani na nyundo za marehemu baba yangu, ningeziuza nimlipie boti. Niliwaza hivyo usiku kucha, na asubuhi nikaendelea na kazi.

Wiki mbili baadaye, saa nane hiyo niliyokwambia, akaingia. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, Espe kalala mgongoni. Nikamsalimu, amahoro. Alikifungua kiganja changu akaiweka sarafu. Nisikilize vizuri: samaki alikuwepo. Bluu ileile, mkia uleule wa njano. Furaha iliyonishika siwezi kukueleza.

"Imerudi namna gani, mama?"

"Safari hii muiache hivyo," akasema. Mkono wake ulikuwa wa baridi, kama wa mtu aliyetoka kufua ziwani.

Niligeuka kutafuta kitambaa cha kuifungia. Kuangalia tena, kigoda ni kitupu. Nikatoka mbio hadi kwa jirani yangu, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nikamuuliza Mama Espe kapita wapi. Akanitazama kwa huruma.

"Baba, hamukusikia? Alienda kusini kwa miguu, avuke mupaka. Risasi ziliwakuta njiani. Yeye na mutoto walizikwa juzi."

Nikafungua mkono. Sarafu ilikuwa nyeupe tupu, vilevile nilivyoisugua.

Ninayo hadi leo. Mnunuzi hata mmoja hajaiona, na hataiona. Na bluu ya gumba haijatoka. Nimeisugua kwa ndimu, kwa majivu, hata kwa mchanga. Vita vilipokwisha, siku ya uchaguzi nusura nirudishwe nyumbani, wasimamizi wakidhani bluu ile ni wino wa aliyekwisha kupiga kura. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya shule tuliyopigia kura nikalia.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukikabidhiwa kitu cha mtu ukaambiwa usikifungue, usikifungue. Na kama umeshakifungua, uza nyundo zako siku hiyohiyo. Usingoje asubuhi.