Darasa la Mama Ntumba

Enzi zetu kule Panda, mjini Likasi, saa tulizijua kwa king'ora cha kiwanda. Kisha kazi zikasimama, posho ya unga ikakoma, walimu wakakaa bila mshahara, shule ikafungwa. Sisi wasichana tukaruka kamba kutwa, tukanywa munkoyo, togwa yetu tamu ya mahindi, mpaka mchezo ukatuchosha. Tulitamani shule! Watoto wa leo, wanaoshangilia mvua ikiwazuia kwenda darasani, hawatanielewa.

Jirani yetu Mama Ntumba, mama wa rafiki yangu Kapinga, ndiye aliyetusikia. Wazazi wake waliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini. Yeye alizaliwa hapa hapa. Alipaka mlango mkuukuu masizi, akauegemeza ukutani, ukawa ubao, akatuita:

"Batoto, mukuye! Masomo njo inafungwa, hapana kichwa yenu."

Halafu yakaja maneno mabaya: watu wa Kasai warudi kwao. Majirani wakamwonya mama yangu asinipeleke tena. Alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, wala hakugeuka.

"Miye, mutoto wangu ataenda. Ule mama njo wa hapa."

Kesho yake mama wengine wawili wakaleta binti zao.

Hata hivyo familia ile ilifukuzwa. Wakalala stesheni, juu ya mizigo yao, wakingoja treni. Mama aliwapelekea bukari na sombe ya majani ya muhogo, nami nilimfuata. Mimi na Kapinga tukaandika hesabu mavumbini kwa kijiti. Treni ilipoanza kuondoka, Kapinga alilia tu. Mama yake akapaza sauti dirishani, "Musiache kusoma!"

Hatukuacha. Wakubwa tuliwafundisha wadogo, mpaka mama zetu walipokwenda kuwaomba walimu, wakaahidi kuwalisha, na shule ikafunguliwa.

Miaka mingi baadaye Kapinga alinitafuta Facebook hadi akanipata. Sasa tuna kikundi chetu cha WhatsApp, wanawake wa Likasi na wa Mbuji-Mayi, huko Kasai anakoishi yeye. Siku moja mtu aliandika tena yale maneno ya kufukuzana. Tulimjibu wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka akayafuta, akaomba radhi.

Wanangu wanacheka nikisema nitasafiri kumwona Kapinga. "Mama, si unamwonaka ku simu?"

Namwona. Lakini enzi zetu kumwona mtu kulikuwa kuingia kwake bila hodi, kunawa mikono, kula sahani moja. Simu haina sahani. Nimeshafunga mzigo, nakwenda Mbuji-Mayi.