Mungu Ampe Umri Bwana Leso

Siye tuliokulia shamba Unguja tukaja kuzeekea huku Maskati, hatukulelewa kuwahisabia watu siku zao. Enzi zetu mtu akiugua alipelekewa uji, akifa alizikwa, na baina ya uji na kaburi hapakuwa na maneno mengi. Sasa nnakaa na wajukuu zangu mtaa wa Mabela, na kila Ijumaa baada ya chakula wanajilaza sebuleni, simu mkononi, wanabishana nani katika wazee wa siasa wa Uingereza atatangulia. Huyu kashapita tisini, yule kaanguka bafuni, mwengine kaonekana kwenye televisheni kasinzia katika lile baraza lao la wakubwa, mdomo wazi kama samaki wa sokoni. Mjukuu wangu Haitham ndiye bingwa wao. Anaujua umri wa kila mmoja, anajua nani atawekewa sanamu na nani atasahauliwa wiki ya pili. Juzi nikamuuliza, baba wa babu yako akiitwa nani? Akanitazama kama niliyemuuliza habari za mwezini.

Mie skuli nilifika darasa la tatu, na sababu yake mtaisoma hapa hapa. Lakini majina siyasahau. Hata mbuzi wa jirani aliyeila kanga ya mama kwenye kamba nnamkumbuka, akiitwa Somoe.

Basi wiki mbili nyuma kaja mjukuu wangu wa kike, Raya, yule aliyesoma Uingereza, kakaa karibu yangu kwa adabu nyingi, nikajua ana shida. Akaniambia ana rafiki yake huko, mwandishi wa gazeti, na kazi yake ni kuwaandikia wakubwa maneno ya buriani kabla hawajafa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ndivyo wafanyavyo wenzetu: mtu yuko kitandani anakunywa supu, na habari ya kifo chake iko tayari imekunjwa, imebaki kutiwa siku tu. Sasa kuna mzee mmoja wa siasa, mgonjwa sana, zamani alikuwa mbunge kijana, akatumwa kuja kutazama hali zetu Unguja. Katika mema yake wameandika kwamba alileta maji katika kijiji kiitwacho Mkungumani. Rafiki yake Raya anatafuta mtu aliyekuwa mtoto siku hiyo, amsemee.

Raya anajua fika kwamba mie ni wa Mkungumani.

"Bibi," akasema, "wanataka neno moja tu zuri."

Jina la huyo mzee nnalijua, lakini siliandiki. Kashaandikwa ya kutosha. Nitamwita tulivyomwita siye, Bwana Leso.

Mkungumani kwetu maji yalikuwa kisima kimoja bondeni, nyuma ya mikarafuu. Nyumbani akituletea Mzee Makame, mtu mrefu, mkimya, mzega wake begani na madebe mawili yananing'inia, na njia nzima hamwagi hata tone. Asubuhi zetu zilinukia hivyo: karafuu zilizoanikwa majamvini, moshi wa kuni mama akipika mkate wa kumimina, na ule ubaridi wa mtungi Makame akishaujaza. Tukinywa, tukaenda skuli, tukarudi tukaenda chuoni kusoma Kurani, na alasiri tukicheza nage mpaka jasho linakauka chumvi usoni. Mwenzangu alikuwa Mwanaidi binti Khamis, mtoto wa nyumba ya pili. Mwembamba kama ufito, mbio zake wavulana hawazifikii, na kwenye mdako hana mfano. Akivirusha na kuvidaka vijiwe kwa mkono wa kushoto, upesi hata jicho linababaika.

Ulimi pia alikuwa nao. Siku aliyokufa Bi Mosi, kizee aliyekuwa akitukimbiza na fimbo tukikatisha uwani kwake, Mwanaidi kanambia pale pale matangani, na si kwa kunong'ona, kwamba kuanzia leo tutapita. Mama alitushika masikio wote wawili, akatutoa nje.

"Maiti hasemwi," akatwambia. "Una neno na mtu, mwambie yu hai. Akishalala, neno lako limelala naye."

Na kwetu ndivyo ilivyokuwa na ndivyo ilivyo mpaka leo. Jeneza likishawekwa, watu wakiulizwa wanamjua vipi marehemu, wote huitika mwema, hata akiwa mwizi wa kuku. Neno hilo la mama limenikaa, na ndilo lililonitia mbioni wiki hizi.

Mwaka niliokuwa darasa la tatu sheha wetu, Mzee Vuai, akapita nyumba kwa nyumba na habari kubwa: serikali inatuletea mfereji wa maji ya bomba. Mabomba kweli yakaja, yakalazwa mpaka kwenye uwanja mbele ya msikiti, ukajengwa ukuta mdogo mweupe na mfereji wa shaba ukachomoza katikati kama pua. Kilichokosekana ni maji. Bomba lile halikuwa limeunganishwa na kitu chochote. Na mgeni kutoka Uingereza anafika Jumamosi.

Mzee Vuai hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga, na mwoga ana akili nyingi. Akaamuru pipa kubwa lipandishwe juu ya kichanja nyuma ya ukuta, pipa likaungwa na mfereji, na makuti yakasimamishwa kulificha. Wavulana wakavalishwa kanzu safi, wakapangwa mbele na vibendera vyao. Siye wasichana sita, kwa kuwa tulizoea kubeba, tukaambiwa tuchote kisimani tujaze pipa kuanzia baada ya alfajiri. Sharti moja: mgeni akishafika, nyuma ya makuti pasisikike hata kikohozi. Atakayetoa sauti kaaibisha kijiji kizima.

Tukachota. Kile kilima cha kutoka bondeni magoti yangu yanakijua mpaka leo. Mwanaidi kwa kuwa mwepesi akakaa juu ya ngazi, siye wengine tunampa madebe, yeye anamimina. Jua lilipopanda mgeni kaja, na mimi sikumwona uso. Nilimwona kwa tundu la makuti, kiwiliwili tu: mikono mirefu, mikono ya shati imekunjwa, na leso nyeupe. Kaufungua mfereji, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Kakinga kiganja, kanywa funda moja, kajifuta vidole kimoja kimoja kwa ile leso. Kisha akaanza kuhutubu.

Na mfereji hakuufunga.

Wallahi hakuufunga. Kauacha unamwagika mchangani, naye anazungumza juu ya maendeleo, na mkalimani anafuata nyuma yake kama mkia, kila neno mara mbili. Mzee Vuai kasimama pembeni, jasho linamchuruzika, hathubutu kunyoosha mkono akafunga mfereji wa serikali mbele ya serikali. Nyuma ya makuti pipa linashuka tunaliona kwa macho. Tukawa tunakwenda mbio kisimani na kurudi, madebe yanatukata vichwa, maana yakikatika maji na yeye bado anasema, aibu ni yetu. Mtu mzima, kasoma skuli zote za kwao, hajui kwamba mfereji ukiufungua na kuufunga ni kazi yako.

Ngazi ilikuwa imerowa. Mwanaidi kanyoosha mikono kupokea debe langu, mguu ukateleza, akaja chini na mkono wa kushoto chini yake. Niliusikia. Ni sauti kama ya kuvunja kijiti kikavu cha kuwashia moto. Akafumbua mdomo, kisha akakumbuka, akatia upindo wa kanga kinywani, akauma. Hakutoa hata mlio. Macho tu yananitazama.

Nami nilifanya nini? Nilimruka, nikapanda ngazi, nikapokea debe linalofuata, nikaendelea kumimina. Nilimimina mpaka kule mbele wakapiga makofi ya mwisho na gari ikatiwa moto ikaondoka. Ndipo nikashuka.

Mkono wa Mwanaidi ulifungwa na mzee wa mifupa wa kijiji cha pili, ukaunga upande. Hakucheza mdako tena. Mfereji nao haukutoa tone tangu siku ile, ikabaki pua ya shaba inatutazama. Lakini habari zilishaenea kwamba Mkungumani ina maji ya serikali, na wiki ile ile, kabla ya sherehe, mama na wenzake wakamwambia Mzee Makame asisumbuke tena. Makame akatua mzega, akenda mjini kutafuta kazi, hakurudi. Walipogundua mfereji ni pambo, wa kuchota walikuwa ni sisi. Darasa la nne lilianza na mimi niko bondeni. Mwalimu aliniulizia mara mbili, kisha akaacha. Hayo ndiyo maji aliyotuletea Bwana Leso.

Yote haya nilimwambia Raya. Kabla sijaanza nilimuuliza jambo moja tu.

"Yu hai?"

"Yu hai, Bibi, lakini hali yake si nzuri."

"Basi washa simu yako upesi unirekodi. Akifa nafunga mdomo."

Nikasema mpaka kahawa ikapoa. Nikamtaja Makame, nikamtaja Mzee Vuai, nikawataja wasichana sita. Nikamwambia Raya amwambie mwenzake sitaki kitu, sitaki picha yangu, nataka jina la Mwanaidi binti Khamis liwemo kwenye hayo maneno, kwa sababu Mwanaidi alifariki Unguja mwaka juzi na hakuna gazeti lililomngoja kitandani. Raya alikuwa akilia. Akaipeleka yote, neno kwa neno, katafsiri mwenyewe.

Jawabu lilikuja baada ya siku tatu. Mwandishi kashukuru sana, kasema ni habari ya kugusa moyo, lakini nafasi ni ndogo na familia ya mzee wako katika wakati mgumu. Kilichobaki Raya alinisomea kwa Kiswahili, sauti imemnywea: "Bibi mmoja wa Maskati bado anakumbuka maji yalivyobubujika katika kijiji chake alipokuwa mtoto, na watu wakashangilia."

Basi. Uwongo hamna ndani yake. Maji yalibubujika, na watu walishangilia. Kisu cha mwandishi ni kikali, kinakata nyama kinaacha harufu.

Haitham, ambaye alikuwa kajilaza pale pale kama kawaida yake, kanyanyua kichwa, akauliza kwani Bibi ulitaka waandike nini, mtu mwenyewe anakufa. Nikamwambia kila mtu anakufa, mwanangu. Mwanaidi kafa, Makame kafa, Mzee Vuai kafa na aibu yake. Hawa wazee wenu wa Uingereza wanakufa kama tunavyokufa sote, ila wao wanapelekewa maua na kuandikiwa mifereji ambayo haikutoa maji. Wewe unayejua umri wao, umepata kuwauliza walichokiacha wazi wakaondoka? Simu aliilaza kifudifudi juu ya zulia. Kwa Haitham hiyo ni heshima kubwa.

Na hii ndiyo sababu nimechukua kalamu, mie na mwandiko wangu wa darasa la tatu, nikakuandikieni nyinyi wenzangu mliolelewa kwa maji ya mtungi. Kuna waliobaki mtaa wa Bustan, kuna walioko mtaa wa Ghala kwa watoto wao, na wote mtanielewa bila ya kutafsiriwa. Gazeti lao lina nafasi ndogo. Mie nafasi nnayo, ninachokosa ni muda. Kila asubuhi Raya akipiga simu, kabla salamu hazijakwisha namuuliza, yupo? Akisema yupo Bibi, nasema Alhamdulillahi, Mungu ampe umri, nami nakaa naandika kipande chengine. Sijapata kumwombea Mwingereza dua nyingi kiasi hiki. Siku watakayotangaza, nitasema Inna lillahi kama nisemavyo kwa kila mtu, na wakiniuliza namjua vipi nitaitika mwema, na hapo nimemaliza. Kwa hivyo yasomeni leo.

Wasichana wa nyuma ya makuti walikuwa Zeyana, Asha Mbarouk, Time binti Haji, Salma wa Bi Kombo, Mwanaidi binti Khamis, na mimi. Nimebaki mimi.

Zamani tulilibeba debe kutoka bondeni na tukalihurumia tone. Leo hapa Mabela mifereji ni mingi kuliko watu, maji ya kunywa yanaletwa kwa gari, na wajukuu wanapiga mswaki maji yanakimbia bure huku wanatazama simu, wanahisabu nani wa Uingereza bado anapumua. Siwagombezi tena. Nanyanyuka na magoti yangu haya, nashika ukuta, nakwenda mpaka bafuni, naufunga mfereji. Naufunga kwa mkono wa kushoto.