Salamu Alizozikata Ruffin

Ruffin alichukia salamu. Si kwamba hakuwa na adabu. Njiani alikuwa akisalimia watu mpaka unachoka kumngoja. Alichukia salamu za redioni. Huku kwetu Nchelenge, kando ya ziwa, ukimpa mtu kipaza sauti, awe mvuvi wa Mununga au mama anayeuza mihogo sokoni Kashikishi, haanzi na kile ulichomuuliza. Anamshukuru Mungu, anamsalimia chifu, mchungaji, kwaya, mjane wa marehemu kaka yake, kisha majina, majina, majina, mpaka unaanza kuiangalia betri. Mwishoni ndipo anakumbuka kwamba ulimuuliza habari ya chisense, wale dagaa wetu wa ziwani.

Nasema alizichukia, maana siku hizi hazichukii tena. Anazisikiliza zote mpaka mwisho, kipindi kimekuwa kirefu na cha kuchosha, na hakuna anayethubutu kumwambia. Nitaeleza kilichomfikisha hapo, na mimi mwenyewe sijitoi.

Ruffin alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Pweto, upande wa Congo, kabla vita havijatuvusha mpaka wa nchi mwaka 2017. Kambini Mantapala mashamba yetu yalipakana. Alikuwa mkulima mbaya sana. Alipiga soga na majirani kuliko alivyopalilia, na mahindi yake yalimlipa sawasawa na kazi yake. Redio ya jamii ilipotafuta watu wa kuendesha nusu saa ya Kiswahili kila Jumamosi, kwa ajili yetu sisi wakimbizi na wavuvi wanaokitumia katika biashara, tulichukuliwa sote wawili. Yeye alipewa habari na utamaduni. Mimi Priscille nilipewa mambo ya afya na matangazo ya vifo. Saa nyingine zote pale ni za Kibemba, na wenzetu walitutania kwamba nusu saa yetu ni ya wageni. Mimi utani huo uliniingia huku ukatokea kule. Ruffin ulimkaa moyoni. Alitaka siku moja watu waseme kwamba hakuna kipindi kilichotengenezwa vizuri kama cha Kiswahili.

Ndipo akapelekwa semina Mansa, siku tano. Mkufunzi aliwaambia kwamba msikilizaji hakuvumilii nusu dakika usipompa jambo, anahama, kwa hiyo kateni. Ruffin akarudi na ugonjwa wa mkasi. Kwenye kompyuta sauti ya mtu inaonekana kama vilima vidogo vilivyopangwa mstari mmoja, na yeye alijifunza kukata kwa macho tu: anatafuta panapoanzia habari yenyewe, anashika vyote vilivyo nyuma yake, anafuta. Kulikuwa na agizo jingine la semina, kwamba jina la mkimbizi lisitajwe na mtangazaji, kwa usalama wake. Agizo hilo nalo alilishika kama amri za Musa.

Lakini niseme haki. Kipindi kilinoga. Kila kikiisha kurushwa alikihifadhi kama podikasti, na watu wakapeana kwa WhatsApp na kwa blututhi, hata kisiwani Kilwa, kile cha ziwani kwetu, ambako mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Mafundi wa vyuma, wapishi wa pombe ya mahindi, mama mmoja aliyejua kutibu nyavu zisioze, wote walisikika wakisema jambo lao kwa dakika nne, safi, bila kuzungukazunguka. Wale waliotutania wakaanza kutuuliza tunafanyaje. Mimi pia nilitembea kifua mbele.

Mwezi wa sita mwaka juzi Ruffin alimwita mzee Octave. Huyu alikuwa fundi wa mitumbwi kutoka vijiji vya karibu na Pweto, na Mantapala hakuna ziwa, kwa hiyo kwa miaka yote aliyokaa pale alikuwa akichonga vinu. Aliletwa kwa baiskeli, amevaa koti zito na jua linawaka. Hata kabla hajakaa aliuliza redio hii inafika wapi. Ruffin akamwambia inafika Mununga, inafika Kilwa kisiwani, na hewa ikiwa nzuri inafika hata ng'ambo, upande wa Congo. Mzee akavua kofia, kana kwamba watu wote hao wameingia chumbani.

Kisha akaanza kusalimia. Ruffin aliwasha mashine, akaziteremsha hedifoni shingoni na kunigeukia mimi. Tulikuwa na la kupanga: sherehe ya jadi ya Mutomboko, ile ya kila mwaka, ilikuwa inakaribia kule Mwansabombwe, na hatukujua nani angetupa usafiri. Mzee anaendelea nyuma yetu, sauti yake ya chini, haina haraka. Amemaliza makatekista wote anaowajua. Nikamkonyeza Ruffin, naye akaninong'oneza kwa Kiswahili chetu cha Congo, "Bado hayafika kwa Abrahamu." Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, na ninaliandika hapa ili asije mtu akasema Ruffin alikuwa peke yake.

Salamu zilichukua dakika kumi na moja. Tuliposikia neno mtumbwi, Ruffin akarudisha hedifoni masikioni. Na hapo mzee alisema vizuri kuliko wote tuliowahi kuwaleta: jinsi ya kugonga mti kwa kisigino cha shoka na kusikiliza kama una ugonjwa ndani, jinsi mtumbwi unavyokaukia kivulini wiki nyingi, kwa nini fundi mwenye hasira asiguse shoka siku hiyo. Jumamosi ikarushwa. Ruffin alimtambulisha kama fundi mmoja wa mitumbwi anayeishi Mantapala, basi. Watu walitusifu mpaka sokoni.

Jumatatu mzee akaja tena, safari hii kwa miguu. Sijui alitoka saa ngapi, maana ni mbali. Alisimama mlangoni akauliza, "Mwalimu, ma salamu yangu ilibakia wapi?"

Ruffin akamweleza kwa upole habari ya dakika, na nusu saa, na msikilizaji anayehama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu. "Lakini weye uliisikia yote vile nilisema?"

"Niliisikia, papa. Yote. Tutaipitisha siku ingine."

"Bon. Kama uliisikia, haina mubaya. Utajua ya kufanya."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Hedifoni nilikuwa nimeziona shingoni kwa macho yangu. Ningeweza kusema, mzee, hatukusikia, hebu tuambie tena. Sikusema, maana niliona ni uongo mdogo wa adabu, wa kumwokoa mwenzangu na aibu mbele ya mzee. Tangu siku ile sijapata uongo ulionikaa rohoni kama huo, na haukuwa hata wangu. Mzee aliondoka akiamini kwamba jambo lake liko mikononi mwa mtu anayelijua. Ndiyo maana hakulieleza tena.

Siku nyingine haikufika. Mwezi wa saba ikawa Mutomboko, mwezi wa nane ikawa kampeni ya chanjo, kisha ukaja ugomvi wa nyavu zenye macho madogo uliomeza Jumamosi tatu. Mzee alipita mara moja mwezi wa tisa, akakaa kidogo kwenye benchi la nje, akatusalimia kila mmoja kwa jina, akaenda zake. Hakudai kitu. Ruffin akaniambia, unaona, amesahau.

Mwisho wa mwezi wa kumi mzee Octave akafa kwa kifua. Watu wa kanisa lake walimzika Ijumaa, na Jumamosi wakatuletea karatasi ya tangazo. Nikalisoma mimi: Octave, fundi wa mitumbwi, mzaliwa wa upande wa Pweto, amezikwa Mantapala. Nililisoma polepole na kwa heshima, kama ninavyoyasoma yote. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kupita kwenye redio yetu.

Jumatatu asubuhi mwanamke akaingia ofisini na mtoto mgongoni, kitenge kimelowa mpaka magotini kwa kushuka kwenye boti. Alisema anatoka Kilwa, mume wake ni mvuvi anaitwa Kabaso, na yeye ni Chouchou. Mtu aliyesomwa Jumamosi ni baba yake.

Tukampa kiti, na akatueleza bila kulia. Siku vita vilipofika kijijini kwao, baba alikuwa porini anachagua mti. Yeye Chouchou alivushwa ziwa na wavuvi, na wote waliotoka upande wa pori walimwambia hakuna aliyebaki. Alikaa kisiwani miaka saba akijua hana baba. Kisha mwezi wa sita, anaanika chisense mchangani, akasikia sauti yake redioni inaeleza habari ya shoka na mti. Akaacha dagaa wakaliwa na kunguru. Mume wake alimwambia sauti za wazee zinafanana. Jirani akampa ile podikasti kwenye simu, naye akaisikiliza mpaka akajua ni wapi mzee anavuta pumzi na wapi anakohoa.

Ruffin alimuuliza kwa nini hakuja wakati ule. Alimuuliza taratibu, na nafikiri alikuwa ameanza kuogopa jibu.

Chouchou alisema kwamba mwaka mmoja kabla alishawahi kusafiri hadi Mununga kwa kusikia habari ya mzee anayefanana na baba yake, akakuta mtu mwingine, akarudi na aibu. Safari hii alitaka uhakika. "Papa hawezi kufika fasi ya batu bila kusalimia," alisema. "Hata ku maombolezo, anasalimia kwanza batu yote. Na ule wa ku redio hakusalimia mutu hata moja. Njo nikasema, haiko papa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikuweza kumtazama Ruffin. Bado kila Jumamosi, Chouchou aliendelea, alifungua redio, labda yule fundi atarudi, labda atasema jina. Jina lililokuja ni lile nililolisoma mimi.

Kisha akamgeukia Ruffin. "Hakunitaja?"

Ruffin angeweza kusema hapana, na yule mama angerudi kisiwani na uchungu mmoja tu badala ya machungu mawili. Hakuna ambaye angejua. Hata yeye mwenyewe asingejua kama amedanganya, maana hakuwahi kusikia.

"Siyue, dada," alisema. "Sikumusikilizaka."

Akaenda kwenye kompyuta. Ile sauti nzima, kabla ya kukatwa, ilikuwa bado mle. Uvivu tu ndio uliomzuia kuifuta, na ni mara ya kwanza nimewahi kuushukuru uvivu wa mtu. Aliiwasha tangu mwanzo, akabaki amesimama. Tukamsikia mzee anamshukuru Mungu. Akamsalimia chifu, akawasalimia makatekista mmoja mmoja. Hapo, nyuma yake, mbali, nikajisikia mimi nikicheka. Chouchou aliinua macho mara moja, akayarudisha chini. Mzee akasalimia kwaya, akasalimia muuguzi aliyemtibu mguu. Ilikuwa dakika ya saba.

"Na mutoto yangu Chouchou. Chouchou, miye papa yako Octave. Kama uko unanisikia, niko Mantapala, niko muzima. Ukuye unitafute, juu miye miguu haina tena nguvu ya kukutafuta."

Kisha, kwa sauti ileile, akamsalimia binamu yake aliyeko Mwansabombwe. Hakuwa ameliweka jambo lake mwanzo wala mwisho. Aliliweka mahali pake, katikati ya watu, kama mtu mwenye heshima anavyofanya, akiamini kwamba anayesikiliza anasikiliza.

Chouchou aliomba tuirudie hapo. Tukairudia mara tatu. Mara ya tatu mtoto aliamka mgongoni, akaanza kuhangaika, na mama yake hakumgusa. Ruffin alikuwa analia waziwazi, mtu mzima, mwalimu wa watu, na kamasi hazifuti. Akasema anaomba ruhusa. Jumamosi atarusha salamu zote, dakika zote kumi na moja, bila kukata hata kohozi, na ataomba radhi hewani kwa jina lake.

"Utaipitishia nani?" Chouchou aliuliza. Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Ile salamu ilikuwa yangu. Mutu akikusalimia, unaitika. Papa alinisalimia, akangojea myezi mine, sikuitika. Sasa nimuitikie wapi?"

Mimi nilichukua simu ya yule mama na kumwekea sauti yote, maana mikono ilihitaji kazi. Aliipokea, akaifunga kwenye ncha ya kitenge, akamkaza mtoto mgongoni, na akatuuliza njia ya kwenda Mantapala.