Nilifunga, Nikanenepa

Gauni la kwaya lilinigomea mbavuni, zipu ikasimama katikati, na kiongozi wetu akacheka mbele ya wenzangu wote. Kwaya yetu hapa Kamembe ilishonewa sare kutoka gora moja la kitenge, na gora lilikuwa limekwisha. Kilibaki kipande kimoja tu, naye alikuwa nacho mkobani.

"Maman, tuongeze hii kipande mu mbavu, ao utaimba nyuma," akasema.

Nyuma! Mimi, niliyepewa kuongoza wimbo siku ya shukrani ya mavuno! Na maua ya kitenge yakatwe kwapani ili kila jicho lione nilivyofutuka? Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nikamwambia akitunze kipande chake, gauni nitalivaa lilivyo.

Basi nikafanya wanachofanya walokole wa huku mambo yakikaza: nikafunga. Alfajiri hadi jioni, bila hata chai. Niliona faida mbili, Mungu atanisikia na kiuno kitapungua. Lakini nyumbani kwetu, tangu tulipokuwa Congo, hakuna anayegusa sahani kabla Papa, yaani baba wa nyumba, hajarudi. Mume wangu anafanya kazi Bukavu, na siku hizo akishavuka mpaka alipitia kwanza kwa marafiki. Alipoingia usiku, mimi niliyeshinda njaa niliushambulia ugali wa muhogo na sambaza, visamaki vya ziwani, bila huruma, nikalala tumbo likiwa ngoma, nikaamka kabla ya jogoo kwenda maombi. Majuma yakapita. Zipu ikapanda? Ikashuka! Nilimlalamikia Mungu waziwazi.

Muuguzi wa kituo cha afya, nilikokwenda kupima presha, hakuniuliza nakula nini.

"Unakulaka saa ngapi? Na unalalaka saa ngapi?"

Nilipomjibu, akatikisa kichwa. "Mwili iko na saa yake, Maman. Chakula mingi ya usiku inakuta mwili inataka kupumzika. Na ukikosa usingizi, kesho yake njaa inazidi. Kula muchana, jioni kidogo, kisha ulale vizuri."

Hivyo tu? Ningecheka kama nisingekuwa nimekata tamaa. Nikaacha kufunga, nikahamishia ugali mchana. Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, nikala maharage na mboga, nikaosha sahani yangu. Mume wangu akakuta chakula chake kimefunikwa.

"Bibi gani anakulaka mbele ya bwana yake kurudi?"

"Ule mwenye hataki kuimba nyuma," nikamjibu, nikaenda kulala.

Alininunia siku kadhaa. Kisha, kwa kuchoka kula peke yake, akaanza kurudi mapema. Nami usingizi ulinirudia, ule wa utotoni, na asubuhi nikawa naamka na njaa ya kistaarabu inayotosheka na uji. Haikuwa miujiza. Ilichukua muda, na kuna jioni harufu ya sambaza ilinitoa machozi.

Siku ya shukrani, wakulima wa Giheke wakiwa wameshapanga ndizi na mihogo yao madhabahuni, nilivuta zipu mwenyewe. Ikapanda hadi juu. Nikapiga kigelegele ibada haijaanza! Kiongozi akaja mbio na sindano na kipande chake, maana hakuwahi kuniamini. Nikakipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikakifunga kichwani. Kisha nikasimama mbele ya wote, nikavuta pumzi yote niliyoitaka, nikaanza wimbo.