Haraka na Mstari wa Kusubiri

"Humpi! Hata nukta humpi!" nilimwambia mjukuu wangu, mwiko nimemwelekezea puani.

"Bibi, simu imeita mara tisa. Ni mkuu wangu."

"Alikuwa mkuu wako. Juzi kakufukuza, au umeshasahau?"

Hakusahau. Mjukuu wangu kazi yake ni kujaribu kompyuta kabla hazijauzwa. Tangu utotoni ndiye aliyekuwa akifunga mlango, kisha anarudi kuusukuma mara tatu aone kama umefungika kweli. Mimi sikusoma, lakini kanieleza nikaelewa: ndani ya mashine programu moja huzaa nyingine, mama na mtoto. Mtoto akimaliza kazi hufa, na mama sharti awe anamsubiri, apokee habari, ndipo jina lifutwe daftarini. Mama asiposubiri, marehemu anabaki humo, kazi hafanyi, nafasi haachii.

Akaandika jaribio: mama azae watoto maelfu, awasubiri wote. Mkuu wake, mimi namwita Haraka, akaona linachelewa. Akafuta mstari wa kusubiri, yaani yale maandishi yanayomwamuru mama angoje, akaweka jina lake juu, akawatangazia wenzake kuwa msichana ni mzito. Na leo saa nne anawaonyesha wateja.

"Daftari litakuwa limejaa," mjukuu alisema. "Mashine haizai tena."

"Marehemu elfu thelathini! Harufu naisikia kwenye simu yako."

"Bibi na uongo wako!" Alicheka, mara ya kwanza tangu juzi. Kisha akakaza uso. "Nataka aseme ni kazi yangu, mbele ya watu walewale. Asiposema, hakuna atakayeniajiri tena."

"Basi na aoze nao."

"Mstari ninao hapa. Dakika moja tu namtengenezea."

"Thubutu! Alikuonea huruma dakika ngapi?"

Akaitazama simu, akaigeuza kifudifudi mezani. Ndipo tukasikia viatu ngazini, na mlango ukagongwa.

"Hodi! Tafadhali, nina haraka!"

"Subiri!" nikamjibu Haraka. Nikaosha kikombe. Nikakifuta. Nikakiona bado kina doa, nikakiosha upya.

"Bibi," mjukuu alininong'oneza, meno nje, "na sahani je?"

"Sahani nazo, mama, zina—"

Mlango ukasukumwa. Akaingia mama mmoja wa miwani, mmoja wa wale wateja, na nyuma yake Haraka, shati limelowa, kompyuta kaikumbatia kifuani.

"Jaribio la mwanzo, kabla mstari haujafutwa," mama yule aliuliza, "ni nani hapa aliyeliandika?"