Tembe Mbili, Wageni Wasimtishe

Mwaka ule wa fujo za kura walichoma nyumba yetu Kibomet, kaka yangu mkubwa akiwa ndani. Alitoka mzima, hata nywele haikuungua. Usingizi wake ndio uliungulia humo. Akiskia filimbi ama watu wengi wakiimba, anaingia chini ya kitanda na viatu. Tukampeleka hospitali Kitale, wakampa tembe za kutuliza, moja kila jioni, za muda mfupi tu, halafu arudi wamwone.

Hiyo ya "muda mfupi" kwetu hakuna mtu aliskia.

Kwa sababu alilala, bana! Alilala kanisani amesimama na kwaya, mdomo wazi, ati ameguswa na Roho. Alilala akikamua ng'ombe mpaka ng'ombe akageuka kumwangalia. Mamangu akatoa shukrani mbele ya watu: "Mtoto wangu amepona, sasa ni kulala tu!"

Nikasimama nikasema hata gunia ya mahindi hulala. Nikaambiwa nikae chini, kwani nilisomea udaktari wapi? Sikusomea popote, mimi nilisoma magazeti ya kufungia nyama. Lakini huyo ni kaka yangu. Ukimcheka nakupiga kwanza, maelezo baadaye.

Mwezi wa nane wakaamua aende Misikhu, Bungoma, kwa shangazi yetu, aliyeolewa huko. "Kumetulia," wakasema. Nikaenda naye nimchunge. Kumetulia! Watu wazima na kalenda ukutani, na hakuna aliyekumbuka huo ni mwaka wa tohara Bungoma, na mwezi wenyewe ndio huo. Tena bwana ya shangazi ni mjomba wa kijana mmoja wa kutahiriwa. Kijana lazima aende kwa mjomba avishwe nyama ya baraka shingoni, na haendi peke yake. Anaenda na kijiji mzima: filimbi, njuga, fimbo, matawi.

"Shangazi, si tumtoe huyu twende hata Webuye?"

"Wacha wasiwasi. Nishampa mbili."

"Mbili nini?"

"Tembe. Wageni wasimtishe."

Wimbo ulikuwa umefika kwa geti.

Kaka alikuwa kwa kiti, nje. Akasimama, basi. Wakamzunguka wakiruka, kijana akagonga njuga karibu na pua yake, na jicho halichezi. Sasa kule, kutotikisika ndiyo sifa yenyewe. Kijana mbele ya kisu anatakiwa asimame hivyo hivyo. Mzee mmoja akamshika kijana bega.

"Ona mwanaume! Kesho usimame kama huyu! Ametoka wapi?"

"Kitale," mjomba akasema, kifua mbele, kama ni yeye alimzaa.

"Kumbe Kitale kuna wanaume!"

Wakaanza kumwimbia yeye. Nikasogea karibu. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwa kola, na suruali imelowa.

Nikapasuka. Nikanyang'anya mtu filimbi nikairusha kwa choo. "Nyamazeni nyote! Huyu si jasiri, huyu amefungwa na tembe!"

Msichana, mgeni, kuharibu wimbo wa tohara! Wazee walinitukana kwa lugha yao na kwa yetu. Mimi nilikuwa nimemfunga kaka leso kiunoni, nimesimama mbele yake. Mwenye alitaka kupita angeanza na mimi.

Kesho yake nikampeleka zahanati. Muuguzi hakuniuliza mimi, alimuuliza yeye. Kaka akajibu polepole, ulimi mzito:

"Nilikuwa naskia kila kitu. Nilitaka kukimbia, miguu ikakataa. Kibomet angalau nilikimbia."

Muuguzi akasema tembe zinamlaza mtu, haziondoi kitu alichoona. Zipunguzwe kidogo kidogo, zisikatwe ghafla, na kila wiki kaka awe anakuja kuongea.

Akaanza siku hiyo hiyo. Aliongea njia yote. Aliongea mpaka ugali ya shangazi ikapoa, na hakuna aliyethubutu kumega. Mamangu akapiga simu.

"Analala?"

"Halali, mum. Anaongea."

"Uuwi! Imerudi! Mwongezeeni dawa!"

Nikampa kaka simu. Akaanzia pale moto ulishika mlango, na mamangu, mwenye hajawahi kunyamazishwa hata na pasta, alinyamaza mpaka kredo ya simu ikaisha.