Barua Niliyoiweka Kwenye Mengineyo

Siku yangu ya kwanza kazini, karani wa kitivo cha sheria, Ofisa Tawala aliniona nimekaa wima na kalamu tatu, akacheka. "Binti wa Ngara, kikaoni huna kura wala neno. Andika yaliyoamuliwa, basi."

Ninyi vijana wa hapa Mbuba mnadhani chuo kikuu profesa mmoja ndiye anaamua. Wapi! Kamati ya mitihani hupendekeza, bodi ya kitivo hupitisha, seneti humaliza. Na bila akidi, yaani nusu ya wajumbe, hakuna kikao. Niliyajua hayo yote, nikaringa nayo.

Vita vya Kagera vikaja. Laurenti, mwanafunzi wetu kutoka Nyamigogo, Biharamulo, alikuwa likizo nyumbani. Akaingia mgambo, akapelekwa mstari wa mbele, mtihani ukampita. Kamati, bila kujua, ikapendekeza afukuzwe kwa utoro. Kabla bodi haijakaa, nikapata barua ya baba yake, yenye mhuri wa katibu kata, ikieleza kwamba mwanawe yuko vitani. Ajenda nilikwisha kuisambaza, na kanuni ni kanuni. Nikaiweka mwisho kabisa, kwenye Mengineyo.

Loo, ujinga wangu! Suala la mitihani lilipita mapema, Laurenti akafukuzwa. Kufika Mengineyo, wajumbe walikwisha kutoka mmoja mmoja kuwahi foleni ya sukari. Akidi ikafa. Mkuu wa Kitivo akaisoma barua, akanigeukia.

"Dada, mtoto yuko vitani, sisi tumemfukuza kwa utoro?"

Nililia mbele yake. "Seneti bado haijakaa, Ndugu Mkuu. Itisha kikao cha dharura kesho. Wajumbe nitawatafuta mimi."

Nikagonga milango mpaka vidole vikauma. Kesho yake akapungua mjumbe mmoja, profesa mzee, mkali. Nikamkuta dukani, kwenye foleni ya sukari, nikamwamkia, nikamwambia kikao kinamngoja yeye tu.

"Nikitoka hapa nafasi yangu imekwenda," akasema.

"Nipe kikapu, mzee, nitakushikia nafasi."

"Haya. Usisogee hapo!"

Basi kikao hicho muhtasari aliuandika Mkuu wa Kitivo mwenyewe. Mimi nilisimama juani nikisali. Sukari ikaisha kabla sijafika mbele. Profesa aliporudi nilimpa kikapu kitupu.

"Acha sukari," akasema. "Atafanya mtihani akirudi."

Nimestaafu miaka mingi, na bado naona haya. Ninyi mnaoanza ukarani, barua ya mtu ikichelewa, inukeni mkaipeleke kwa miguu.

Laurenti alirudi, amekonda, akaja dirishani kwangu kuchukua namba ya mtihani. Hakujua kwamba aliwahi kufukuzwa. Nilimpa namba yake, nikamwambia awahi kukaa.